Neno "Mind" Mbele ya Mfasiri wa Kifaransa: Funzo kwa Mwanafunzi wa Tafsiri

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa tafsiri huziogopa istilahi: za sheria, za tiba, za sayansi. Hofu hiyo ina msingi, lakini mara nyingi huelekezwa pasipostahili. Istilahi aghalabu huwa na maana moja, na mfasiri akishaipatia kisawe chake hupumua. Maneno yanayomtoa jasho hasa ni yale madogo ya kila siku, ambayo hata mtoto mdogo huyatamka bila kuwaza. Katika Kiingereza, neno "mind" ni mojawapo ya hayo. Mama hulitumia kumtahadharisha mwanawe asijikwae. Hakimu hulitumia anapopima uhalali wa wosia. Mwanafalsafa huliandikia kitabu kizima. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o alilifanya nguzo ya jina la kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1986, Decolonising the Mind.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi neno hilo linavyotafsiriwa katika Kifaransa na funzo tunaloweza kulipata. Huenda msomaji akauliza: Kifaransa kina nini na sisi wana-Kiswahili? Majibu ni mawili. Kwanza, tunapotafsiri baina ya Kiingereza na Kiswahili, tumezizoea lugha hizo mbili kiasi cha kutoyaona tunayoyafanya. Tukiitazama lugha ya tatu ikipambana na neno lile lile, pazia la mazoea hufunguka. Pili, Kifaransa ni jirani wa Kiswahili. Lugha hizi mbili huishi pamoja nchini Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mfasiri wa Kiswahili wa leo hana hakika kwamba matini ya Kifaransa haitafika mezani pake.

Hoja yetu ni kwamba mfasiri hatafsiri neno, bali kazi ambayo neno linaifanya katika sentensi. Aidha, pale mwandishi anapoutegemea wingi wenyewe wa maana, mfasiri hana budi kuchagua, na uchaguzi huo huwa ni ufafanuzi wa matini, wala si jambo la kamusi pekee.

Polisemia na ukoo wa neno

Ni vyema kwanza tutofautishe polisemia na homonimia. Neno "kaa" la Kiswahili, likiwa na maana ya mnyama wa pwani, kipande cha moto au kitendo cha kuketi, ni mfano wa homonimia: maana hizo hazina undugu, na muktadha huzitenga mara moja. "Mind" si hivyo. Maana zake ni jamaa wa ukoo mmoja.

Katika Kiingereza cha Kale neno hili lilikuwa "gemynd", na maana yake kuu ilikuwa kumbukumbu. Hadi leo Waskoti huweza kusema "mind" wakimaanisha kukumbuka, na kitenzi "remind", yaani kumkumbusha mtu, kinahifadhi maana hiyo. Kutoka hapo hatua ni fupi: anayekumbuka jambo huliweka maanani, anayeliweka maanani huliangalia, anayeliangalia hulitunza, anayelitunza hulijali, na anayelijali huweza kukerwa nalo. Kwa upande wa nomino, mahali pa kumbukumbu pakawa mahali pa fikira, pa nia na pa akili timamu. Mwingereza hupita katika ukoo huu wote bila kuhisi kwamba amevuka mpaka wowote.

Kifaransa hakikurithi ukoo huo. Kilatini, mzazi wake, kilikuwa na "mens", neno lenye asili moja na "mind" katika lugha za Kihindi-Kiulaya. Hata hivyo, "mens" halikubaki katika Kifaransa kama nomino ya kawaida. Limebaki katika vivumishi kama "mental" na, jambo la kushangaza, katika kiambishi tamati cha vielezi. Mfaransa anaposema "lentement", yaani polepole, "-ment" hiyo inatokana na "mente", umbo la "mens": "kwa akili ya polepole". Neno lililokuwa na maana ya akili limegeuka kiambishi, nacho kiti chake kikakaliwa na "esprit", kutoka Kilatini "spiritus", yaani pumzi au roho. Hiki ndicho chanzo cha matatizo tutakayoyaona.

"Mind" kama kitenzi

Tuanze na matumizi ya kitenzi, kwa sababu hapa "esprit" haisaidii hata kidogo. Abiria wa treni za chini ya ardhi jijini London huambiwa "mind the gap", yaani wajihadhari na mwanya ulio kati ya behewa na jukwaa. Katika metro ya Paris tangazo lenye kazi hiyo husema "attention à la marche en descendant du train". Kitenzi kimekuwa nomino, "attention". Na mwanya umekuwa kidato. Mwingereza ameonyeshwa shimo, Mfaransa ameonyeshwa ngazi, lakini wote wawili wamenusurika kujikwaa. Vinay na Darbelnet, katika kitabu chao cha mwaka 1958 kuhusu ulinganishi wa Kifaransa na Kiingereza, walizipa mbinu za aina hii majina: kubadilisha aina ya neno waliita "transposition", na kubadilisha mtazamo wakaita "modulation". Tangazo hilo fupi lina zote mbili.

Kumtunza mtoto kwa muda, ambako pia kwa Kiingereza ni "mind", kwa Kifaransa ni "garder". Kumwambia mtu aache kudukiza mambo ya wenzake ni "occupez-vous de vos affaires". Kiswahili hapa kina utajiri wake: "pilipili usiyoila yakuwashiani?" Hakuna mwenye akili atakayedai kwamba "garder" au pilipili ni "maana ya mind". Ni majibu ya mahitaji mbalimbali ambayo Kiingereza kiliyatimiza kwa neno moja.

Mfano wenye funzo kubwa zaidi ni swali la adabu. Mwingereza anayetaka kufungua dirisha humwuliza mwenzake "Do you mind?", yaani, je, utakerwa? Anayekubali hujibu "No". Mfasiri akisema "Ça vous dérange si j'ouvre la fenêtre ?" jibu litabaki "Non", kwa kuwa swali bado linahusu kukerwa. Lakini akichagua "Vous permettez ?", yaani unaniruhusu, lile "No" la Kiingereza ni lazima ligeuke kuwa "Oui" au "Je vous en prie". Akisahau, mhusika mpole wa riwaya atageuka mkaidi anayewanyima wenzake hewa. Kwa hiyo tafsiri ya neno moja inaweza kuamua tafsiri ya sentensi inayofuata, iliyo kinywani mwa mtu mwingine.

Kadhalika "I don't mind". Ikiwa mtu ameulizwa anataka chai au kahawa, Kifaransa husema "ça m'est égal", kwangu ni sawa. Ikiwa ameombwa akae kando kidogo, husema "ça ne me dérange pas", hilo halinisumbui. Akiyabadilisha mawili hayo, huenda akaonekana baridi na asiyejali. Tazama pia sarufi: katika Kiingereza kiima ni mtu, ilhali katika Kifaransa kiima ni jambo lenyewe, na mtu amekuwa mtendewa. Kiswahili kimesimama upande wa Kifaransa. Jibu letu la kiungwana ni "haidhuru" au "si neno", ambamo jambo ndilo kiima. Tukifuata umbo la Kiingereza na kusema "sijali", tumemtusi mwenyeji wetu. Ajabu ni kwamba "usijali" ni neno la faraja, ilhali "sijali" ni neno la kiburi, ingawa mzizi ni mmoja. Hakuna kamusi ya maneno pwekepweke itakayomfundisha mfasiri tofauti hiyo.

"Mind" ndani ya nahau

Nomino "mind" inapoingia katika nahau, Kifaransa hutawanyika zaidi. Kubadili nia ni "changer d'avis", kubadili maoni. Kukata shauri ni "se décider", na nomino imetoweka kabisa. Jambo lililomtoka mtu akilini limemtoka "de la tête", kichwani. Aliyerukwa na akili amepoteza "la raison" au "la tête". Kusema lililo moyoni ni "dire ce qu'on pense", kusema unalofikiri. Hata hivyo, zipo sehemu ambapo "esprit" yenyewe hutokea: "état d'esprit" kwa hali ya kifikira, "présence d'esprit" kwa wepesi wa akili wakati wa dharura, na "tranquillité d'esprit" kwa utulivu wa nafsi.

Msomaji atatambua kwamba Kiswahili nacho hutawanyika, ila kwa njia zake. Sisi hubadili nia, hurukwa na akili, husema la moyoni, hutuliza moyo na kuweka jambo maanani. Penye "avis" sisi tuna nia. Penye "ce qu'on pense" sisi tuna moyo. Ramani ya Kifaransa na ramani ya Kiswahili hazifanani, na zote mbili hazifanani na ya Kiingereza. Mfasiri aliyekariri kwamba "mind" ni "akili" ni sawa na msafiri aliyekariri mtaa mmoja akadhani ameujua mji.

Katika sheria, mkanganyiko huu hupata uzito. Kifungu cha 83 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinamzuia kusajiliwa kuwa mpiga kura mtu aliyetangazwa kuwa na "unsound mind". Sheria ya Kifaransa, katika kifungu cha 901 cha Code civil, inamtaka anayetoa wosia au zawadi ya mali awe "sain d'esprit". Kwa Kiswahili tunasema "mwenye akili timamu". Hapa kisawe hakina budi kuwa kimoja na kuganda: anayetafsiri wosia hana ruhusa ya kuchezea kati ya moyo, nia na fikira, kwa maana haki ya mtu imening'inia hapo. Neno lile lile linalodai visawe kumi katika mazungumzo hudai kimoja tu mahakamani.

"Esprit": kisawe kinachopungua na kuzidi

Pale ambapo "esprit" inakubalika, bado si pacha wa "mind". Inapungua, kwani haina kumbukumbu wala kujali. Inazidi pia, kwani imebeba roho, mzuka, na hata ucheshi wa werevu. Mfaransa akisema mtu "a de l'esprit", anamaanisha kwamba ana ulimi mwepesi wa mzaha wenye akili. Roho Mtakatifu ni "Saint-Esprit". Montesquieu alipochapisha De l'esprit des lois mwaka 1748, Waingereza hawakuona "mind" humo. Waliita The Spirit of the Laws.

Jina la filamu ya mwaka 2001, A Beautiful Mind, inayohusu maisha ya mwanahisabati John Nash, ni mfano mzuri. Tafsiri sisisi ingetoa "un bel esprit". Kwa bahati mbaya maneno hayo tayari ni nahau ya Kifaransa, na humtaja mtu anayejitia ustadi wa maneno, aghalabu kwa kejeli. Filamu hiyo iliitwa Un homme d'exception, mtu wa kipekee. Akili imeondoka, mtu mzima amebaki. Filamu ya mwaka 2004, Eternal Sunshine of the Spotless Mind, iliitwa Du soleil plein la tête huko Quebec. Huko "mind" imekuwa kichwa kilichojaa jua.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba Kifaransa ndicho maskini daima. Kitabu cha Hegel cha mwaka 1807 kina neno la Kijerumani "Geist". Baillie alilitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1910 kama "Mind". Miller, mwaka 1977, akalitafsiri kama "Spirit". Wasomaji wa Kiingereza wamelazimika kuchagua baina ya akili na roho. Jean Hyppolite, katika tafsiri yake ya Kifaransa iliyotoka kati ya 1939 na 1941, aliandika "esprit" na kuzipata zote mbili kwa pigo moja. Lakini Gilbert Ryle alipoandika The Concept of Mind mwaka 1949 ili kulishambulia wazo kwamba akili ni kitu kingine kilichojificha ndani ya mwili, mambo yaligeuka. Tafsiri ya Kifaransa ya mwaka 1978 inaitwa La notion d'esprit. Neno lililochaguliwa limebeba ndani yake mzuka ule ule ambao Ryle alitaka kuufukuza.

Athari za uchaguzi wa namna hii zilionekana mapema. Pierre Coste, aliyeishi nyumba moja na John Locke nchini Uingereza, alitafsiri kwa Kifaransa insha maarufu ya Locke kuhusu ufahamu wa binadamu, na tafsiri ikatoka mwaka 1700. Mahali ambapo Locke anafananisha "mind" ya binadamu na karatasi nyeupe, Coste hakuandika "esprit" bali "âme", yaani roho au nafsi, neno lenye harufu ya kanisa. Na karatasi ikawa "table rase", ubao uliofutwa. Mwanafalsafa Leibniz, ambaye Kiingereza chake hakikuwa imara, aliitegemea tafsiri hiyo alipoandika majibu yake marefu kwa Kifaransa, yaliyochapishwa mwaka 1765, karibu miaka 50 baada ya kifo chake. Hivyo mjadala mkubwa wa falsafa ya Ulaya uliendeshwa, kwa sehemu, katika uwanja ambao mipaka yake iliwekwa na mfasiri.

Kutoka kwa Ngũgĩ hadi kwetu

Sasa turudi nyumbani. Decolonising the Mind kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2011 kwa jina Décoloniser l'esprit, kwa tafsiri ya Sylvain Prudhomme. Je, "esprit" hapa imefaulu? Mtu anayeshikilia kamusi atasema kwamba mfasiri ameteleza kutoka akilini hadi rohoni. Lakini tukiisoma matini nzima tutaona kwamba Ngũgĩ mwenyewe anatofautisha utiisho wa mwili, uliofanywa kwa silaha, na utiisho wa kiroho, uliofanywa kwa lugha. Anasimulia jinsi wanafunzi waliokamatwa wakisema Kikuyu shuleni walivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni. Kilichoumizwa pale hakikuwa uwezo wa kufikiri pekee. Palikuwa na kumbukumbu, heshima ya nafsi na mapenzi ya lugha ya mama. Katika matini hii ule uzito wa kiroho wa "esprit", ambao ungekuwa mzigo kwa Ryle, umekuwa faida. Kilichopotea ni kumbukumbu, ile maana kongwe ya "gemynd", ambayo Kifaransa hakina pa kuiweka.

Nasi tukitakiwa kulitafsiri jina hilo kwa Kiswahili, tuseme nini? "Kuondoa Ukoloni Akilini" ndilo linalokuja upesi. Lakini akili kwetu huegemea werevu. Waswahili husema akili ni mali, na kumwambia mtu hana akili ni tusi. Mwanafunzi aliyekiuka Kikuyu chake na kufaulu Kiingereza ndiye aliyesifiwa kuwa na akili, na hicho ndicho kiini cha malalamiko ya Ngũgĩ. "Kuondoa Ukoloni Moyoni" huokoa mapenzi lakini huacha fikira nje. "Rohoni", lililo karibu zaidi na "esprit", huenda likamfanya msomaji adhani kitabu kinahusu kupunga pepo. "Katika Fikira" ni salama, ila ni baridi.

Lipo neno lingine ambalo kamusi ya Kiingereza haitatupa kamwe tukilitafuta chini ya "mind": kasumba. Asili yake ni kileo kitokanacho na afyuni, na Kiswahili kimelipanua kutaja mawazo ya kikoloni yaliyomlevya mtu hata akayaona ni yake. "Kung'oa Kasumba" hakuna "mind" wala "ukoloni" ndani yake, na bado msomaji wa Kiswahili angeelewa mara moja kitabu kinapigana na nini. Hasara ipo: kasumba hutaja ugonjwa bila kutaja kiungo kinachougua, na Ngũgĩ alikitaja kiungo. Mwandishi wa makala haya anaegemea "kasumba". Wengine wana haki ya kuegemea "fikira". Muhimu ni kwamba kila upande uweze kutetea chaguo lake kwa hoja zilizotoka katika matini, wala si kwa kuonyesha ukurasa wa kamusi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba neno moja la kila siku hudai visawe vingi katika Kifaransa, kwamba kisawe kikuu "esprit" hupungua hapa na kuzidi pale, na kwamba Kiswahili wakati mwingine hukaribia Kifaransa kuliko Kiingereza tulichokizoea. Mwanafunzi wa tafsiri anaweza kuondoka na maswali matatu ya kujiuliza kila anapokutana na neno la namna hii. Neno linafanya kazi gani katika sentensi hii? Kisawe ninachotaka kukitumia kimebeba nini kingine katika lugha lengwa? Na je, mwandishi anatumia maana moja au anautumia ukoo mzima?

Tunapendekeza pia kwamba madarasa yetu ya tafsiri yatenge muda kwa maneno ya kila siku kama yanavyoutenga kwa istilahi. Maneno kama "home", "fair" na "get" yanangoja uchunguzi wa aina hii, na kutoka upande wa Kiswahili, "moyo", "utu" na "kazi" yanastahili kupelekwa kwa wenzetu wa Kifaransa ili tuone yatakavyowatoa jasho. Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, alitangaza katika kitabu hicho kwamba angeandika kwa Kikuyu na Kiswahili. Kumtafsiri kwa uangalifu ni sehemu ya kuipokea rai hiyo. Makala haya hayakukusudia kuumaliza mjadala; wenye visawe bora vya jina la kitabu chake wanakaribishwa kuvileta na kuvitetea katika toleo lijalo.